Nunua Komiki Utakayoisoma, Hata Isipouzika Tena

Mwaka juzi nilimtumia mtu nisiyemjua shilingi 4,500 kwa sababu alikuwa na picha nzuri. Picha yenyewe ilionyesha matoleo kumi ya jarida la Joe, lile la vichekesho na katuni lililokuwa likitoka Nairobi miaka ya sabini, yamepangwa mezani, majalada bado yana rangi. Bei ya yote ilikuwa 9,000. "Kuna watu watatu wananiulizia hizi," akaniandikia. "Tuma nusu nikushikie. Nusu ingine utalipa ukizipata."

Nikatuma. Ilikuwa tarehe 29, na hizo pesa nilikuwa nimeziweka za kodi ya nyumba. Ujumbe wa kuthibitisha ukaingia, nikaupiga picha nikamtumia. Tiki moja. Hadi leo ni tiki moja. Jamaa aliingia mitini, na mimi nikabaki kumweleza mwenzangu tunayeishi naye kwa nini mwezi huo angenilipia kodi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi nimesomea masoko chuoni. Nilifunzwa darasani jinsi ya kumfanya mteja aone kuwa bidhaa inaisha na wenzake wako mbioni. "Kuna watu watatu wananiulizia" ni somo la muhula wa kwanza! Nililijua, na bado likanipata. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu: ninunue kwa 9,000, nikae nazo miezi sita, niziuze kwa 25,000. Hiyo 25,000 niliitoa wapi? Kichwani mwangu. Hakuna mtu aliyekuwa ameniahidi kununua, wala sikuwa nimewahi kuona mtu akiuza Joe kwa bei hiyo. Tamaa ya kuuza ndiyo iliyonifanya nisiulize hata swali moja.

Ndiyo maana maoni yangu kwa yeyote anayeanza kukusanya komiki ni haya: nunua ile unayotaka kuisoma, kwa pesa usiyoihitaji wiki ijayo, kutoka kwa mtu unayeweza kumpata kesho. Ukifuata hayo matatu, hata ukikosea hutalala njaa.

Mamilioni yanatoka wapi?

Wengi tunaingia kwenye huu mchezo baada ya kusoma habari kwenye simu. Aprili 2024, nakala moja ya Action Comics nambari 1, ile ya mwaka 1938 ambayo Superman alitokea kwa mara ya kwanza, iliuzwa kwa mnada huko Marekani kwa dola milioni 6. Wakati ilipotoka dukani, iliuzwa kwa senti 10. Mtu akisoma hivyo, mara moja anaanza kuangalia chini ya kitanda.

Lakini jiulize kwanza kwa nini ile nakala ni ghali. Mwaka 1938 hakuna aliyekuwa akiweka komiki. Watoto walisoma, wakabadilishana, wakakunja wakatia mfukoni, kisha zikatupwa. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, Marekani ikakusanya makaratasi ya zamani yatumike upya, na komiki nyingi zikaenda huko. Zilizobaki ni chache sana, na zilizobaki zikiwa safi ni chache zaidi. Nao wanaozitaka ni wengi. Bei hiyo imejengwa na uchache kwa muda wa miaka zaidi ya themanini.

Halafu kuna hii, ambayo watu huiacha nje wakisimulia: vijana wawili waliombuni Superman, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza haki zake kwa dola 130. Hata wenye mali hawakujua thamani yake. Sasa mimi na wewe, tukiwa tumekaa kwenye matatu na bando la siku moja, tutajuaje ni komiki gani ya leo itakayokuwa ghali mwaka 2080?

Kilicho kingi hakipandi bei

Wamarekani wenyewe walishachomeka kwa jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, habari za komiki za zamani kuuzwa ghali zilienea, na watu ambao hata hawakuwa wasomaji wakaanza kununua ili waweke. Kampuni nazo zikaona soko. Mwaka 1991 Marvel ikatoa X-Men nambari 1 ikiwa na majalada matano tofauti, ili mtu mmoja anunue zote tano. Ziliagizwa zaidi ya nakala milioni nane, na hadi leo hiyo ndiyo rekodi ya toleo moja. Mwishoni mwa 1992 DC wakamuua Superman kwenye toleo la 75, na wakaliuza likiwa limefungwa kwenye mfuko mweusi. Watu walipanga foleni. Wengi waliweka mfuko bila kuufungua, wakisema hiyo ni ada ya chuo ya mtoto.

Yule mtoto sasa ni mtu mzima, na ile komiki nakala ya kawaida bado unaipata kwa bei ya chakula cha mchana. Sababu ni rahisi: kila mtu aliiweka. Kitu kikiwa kwa kila nyumba, nani atakinunua kwako?

Kwa hivyo ukiona toleo jipya limeandikwa "toleo maalumu la wakusanyaji", elewa kwamba hayo ni maneno ya mtu wa masoko, mtu kama mimi. Kilichotengenezwa ili kiwekwe kitawekwa na wote. Kama unapenda mchoro wake, nunua, furahia. Kama unanunua ili upate faida, kaa na pesa yako.

Najua kuna atakayesema, "Lakini kuna watu wanaishi kwa biashara hii." Ni kweli wapo. Wana duka, wana wateja, wanajua bei za minada, na wana mtaji ambao wakiupoteza mwezi mmoja bado watakula. Wewe mwenye komiki tatu na deni la mkopo wa simu bado hujafika huko. Na tafadhali, usikope kwenye simu ununue komiki. Riba inapanda kila siku. Komiki haina haraka hiyo.

Shika, fungua, hesabu kurasa

Ukishaamua unachotaka, jifunze kuangalia. Mambo haya manne yatakuokoa pesa nyingi.

Kwanza, jua ni chapa ya ngapi. Kitabu kinachopendwa huchapishwa tena na tena, na siku hizi kampuni hutoa hata nakala mpya zinazofanana sana na za zamani, pamoja na matangazo ya zamani. Kwa msomaji hilo ni jambo zuri sana, kwa kuwa unapata hadithi ileile kwa bei nafuu. Shida huja mtu anapokuuzia nakala ya juzi kwa bei ya mwaka 1974. Fungua ukurasa wa ndani wenye maandishi madogo ya mchapishaji usome mwaka.

Pili, angalia hali yake. Tazama mgongo kama umekunjika, stepo kama zina kutu, pembe kama zimeliwa, kurasa kama zina alama za maji. Weka pua karibu: harufu ya unyevu haitoki, na inaweza kuambukiza vitabu vingine ukungu. Huko nje kuna kampuni zinazopima hali ya komiki na kuipa alama, ya juu kabisa ikiwa 10, kisha zinaifunga ndani ya kasha la plastiki. Tofauti ya alama moja inaweza kubadilisha bei mara kadhaa. Kwa mnunuzi wa kawaida hapa kwetu, macho yako na mwanga wa dirishani vinatosha.

Tatu, hesabu kurasa. Mfano maarufu ni The Incredible Hulk nambari 181 ya mwaka 1974, ambayo Wolverine anaingia ndani yake kwa mara ya kwanza kikamilifu. Wakati huo Marvel walikuwa wakiweka stempu ndani ya komiki, na wasomaji waliombwa waikate waibandike kwenye kijitabu. Watoto wakakata! Kwa hivyo kuna nakala ambazo ukitazama jalada ni safi kabisa, kumbe ndani kuna shimo. Bila ile stempu, bei inashuka vibaya. Usinunue chochote cha pesa nyingi bila kukifungua au kuonyeshwa kila ukurasa kwa video.

Nne, usikubali "kilichorekebishwa" bila kuambiwa. Selotepu, gundi na rangi ya kalamu kwenye mkunjo huharibu zaidi ya ule mkunjo wenyewe. Na wewe ukinunua, usijaribu kushona mgongo wala kubandika selotepu.

Kuhusu kuhifadhi, huhitaji kabati la kifahari. Epuka jua, unyevu, mende na mchwa. Kama unaishi Mombasa au popote penye joto la unyevu, usiweke boksi sakafuni wala kuegemeza vitabu ukutani. Ukinunua mifuko angavu ya kuwekea karatasi, tafuta iliyoandikwa PP na uache ya PVC, kwa kuwa PVC hutoa kemikali zinazoharibu karatasi kadiri miaka inavyokwenda.

Bei ya kitabu si bei utakayolipa

Hapa ndipo wengi wanaoagiza kutoka nje hukwama. Umeona komiki kwa dola 20. Unazidisha kwa 130, unapata shilingi 2,600, unasema sawa. Lakini kuituma kutoka Marekani ni dola 25, sasa jumla ni 45. Hiyo ni 5,850, na bado hujaongeza ada ya kubadilisha pesa, ushuru kama utatozwa, na nauli ya kwenda kuichukua. Kitabu cha 2,600 kimekuwa cha zaidi ya 6,000 kabla hujasoma hata ukurasa mmoja.

Dawa yake ni kuandika hesabu yote kwanza, ukiweka kila gharama, na uiache ilale usiku mmoja. Ukiamka na bado unaitaka, agiza. Na kama mnaweza, agizeni pamoja na marafiki wanne au watano kwa mzigo mmoja, mgawane gharama ya kutuma. Wanachama wa chama wanajua hii hesabu vizuri. Mpeni mmoja kazi ya kuweka rekodi, na kila mtu atume mchango wake kwa simu badala ya pesa mkononi, ili baadaye kusiwe na "mimi nilikupatia pale steji".

Nashauri pia uwe na kiasi maalumu cha mwezi. Mimi changu ni 1,000. Nakitenga siku nikilipwa, baada ya kodi, chakula na ya kutuma nyumbani. Kikiisha, nimemaliza, hata kama mtu anauza dhahabu. Nisiponunua kitu, kinaingia mwezi ujao. Tangu nianze hivyo sijawahi kumweleza mtu yeyote habari za kodi.

Kabla hujaweka namba ya siri

Sasa turudi kwa ile 4,500. Ningefanya nini tofauti?

Ningemwomba video. Picha moja yaweza kuwa imechukuliwa popote kwenye intaneti. Muuzaji wa kweli hawezi kukataa kurekodi video ya sekunde thelathini akifungua vitabu, kando yake kukiwa na karatasi iliyoandikwa tarehe ya leo na jina langu. Anayekataa kwa kusema simu yake ina shida ya kamera, ilhali ametuma picha kumi, amekujibu tayari.

Ningesoma jina. Kabla ya malipo kukamilika, simu hukuonyesha jina la unayemlipa. Wengi wetu tunabonyeza tu kama mtu anayefukuzwa. Yule jamaa alijiita kwa jina moja kwenye mazungumzo, na ujumbe wa kuthibitisha ulikuwa na jina lingine kabisa, la mwanamke. Jina lilikuwa pale. Nililisoma pesa zikiwa zimeshatoka.

Ningelipa kwa till ya duka kama ipo, maana hapo jina la biashara huonekana na kuna mahali pa kuanzia ukiwa na malalamiko. Kama ni mtu binafsi, ningekutana naye mchana, mahali pa watu, nishike kitabu, nikifungue, ndipo nitume. Akiwa mji mwingine, ningetafuta rafiki aliye huko akanikagulie. Kumlipa rafiki nauli ya 200 ni afadhali kuliko kupoteza 4,500.

Ningekataa haraka. Muuzaji akikuambia dakika kumi zimebaki, mwambie akupitishe. Komiki iliyokaa miaka arobaini kwenye boksi inaweza kungoja mpaka Jumamosi.

Na kama yamekupata, usikae kimya kwa aibu kama nilivyokaa mimi siku mbili. Piga simu ya huduma kwa wateja mara moja, ukiwa na ujumbe wa muamala, kwa kuwa pesa ikishatolewa ni vigumu kuifuata. Usifute mazungumzo. Nenda kituo cha polisi uandikishe, upate nambari ya OB. Siwezi kukuahidi kwamba pesa itarudi, yangu haikurudi, lakini ripoti inaweza kumfungia tapeli njia ya kumchoma mwingine. Halafu jihadhari na wa pili: kuna wanaokupigia baada ya hapo wakidai wanakusaidia kurudishiwa, wanataka namba yako ya siri. Namba ya siri haitolewi kwa mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa anatoka kwetu.

Anza na zetu

Sehemu hii ni maoni yangu kabisa, unaweza kuyakataa. Naona vijana wenzangu wakitumia 6,000 kwa komiki ya shujaa wa New York, ilhali historia yetu ya katuni inafungiwa mandazi.

Joe ilianzishwa mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, na ukitaka kujua mkaaji wa Nairobi wa wakati huo alicheka nini na kulalamikia nini, humo ndimo utakuta. Edward Gitau alichora Juha Kalulu kwenye Taifa Leo kwa miongo mingi. Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyeishi na kufanya kazi Nairobi hadi alipofariki mwaka 2012, alituchorea Akokhan. Vitabu vya Pichadithi vilichukua ngano za kwetu na kuzitia kwenye picha. Ni nani anayeviweka? Vilisomwa vikaisha, kama Superman wa 1938. Sisemi vitakuwa ghali. Nasema vitatoweka, na hilo ni jambo zito kuliko bei.

Nina ushahidi wangu mwenyewe. Shujaaz ilipoanza mwaka 2010, nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Ilikuwa bure. Ilikuja ndani ya gazeti, na pia ilikuwa ikipatikana kwenye vibanda vya mawakala wa pesa za simu. Mama akienda kutoa pesa, mimi namfuata mbio, si kwa upendo wa foleni, bali nichukue habari za Boyie na redio yake ya siri kwa Sheng tuliyoongea mtaani. Nilipata karibu kila toleo la mwaka ule. Leo sina hata moja. Zingine zilifunika madaftari, zingine ziliwasha jiko. Hakuna aliyedhani kwamba kitu cha bure kinaweza kuhitajika tena.

Mwezi uliopita nilikuwa natembea mjini, nikasimama kwa wauza vitabu wa kando ya barabara, hawa ambao lazima uiname. Katikati ya vitabu vya mitihani ya zamani nikaona jalada ninalolijua. Nikaliinua. Kona moja imeliwa, na mtu amechora masharubu kwa kalamu kwenye uso wa mhusika. Nikahesabu kurasa, zote zipo.

"Mzee, hii ni ngapi?"

Akaitazama, akanitazama. "Hiyo ilikuwa ya bure, kijana. Lete hamsini."

Nikasoma jina kwenye simu, nikamtajia. "Ndiyo mimi," akasema. Nikalipa. Sitaiuza, na hata nikitaka, hakuna atakayenipa mia. Niliisoma nikiwa nimesimama palepale, na nilipofika nyumbani nikaisoma tena.